Swali la Kumi na Moja

Fomu inauliza, baada ya jina na kartye,
baada ya picha mbili zenye ukuta mweupe nyuma:
"Eleza kushuka kwa alama zako, mwaka wa tano."
Mistari sita. Kalamu ya buluu au nyeusi.

Mistari hiyo nimeipima kwa rula ya Musonda:
sentimita tano, toka juu hadi chini.
Mshipa wa mkono wangu wa kushoto, ule unaokubali sindano,
ni mfupi kuliko hapo.

Nikaanza kwa adabu: "Nina heshima kubwa kuwajulisha..."
Nikafuta.
Nikaandika ugonjwa kama daktari anavyouandika,
herufi mbili tu, S na S,
na hapa Katuba herufi hizo zikitajwa
watu hushusha sauti, humtazama mama yako,
huhesabu watoto wake waliobaki.
Nikafuta.

Je, niwaambie habari ya kipupwe?
Kwamba Juni ya Lubumbashi, vumbi jekundu likishatulia,
baridi huingia vifundoni bila kubisha,
na damu yangu, iliyopinda kama mundu,
huvuna mahali ambapo hakuna aliyepanda?
Kwamba usiku wa kuamkia mtihani wa kemia
mama aliileta mbabula hadi chumbani,
mlango wazi tusife kwa moshi,
akanikanda magoti kwa maji ya moto
huku nikikariri madini kwa mpangilio,
shaba, kobalti, zinki,
hadi nikafika kwenye jina ambalo lilikuwa yowe?

Mistari sita haitoshi.
Na nani aliyesema nataka wayajue?

Mwalimu Chishimba alinishauri: weka tarehe, weka cheti,
usilie kwenye karatasi, karatasi hulowa.
Basi nikaweka. Kulazwa mara nne. Chupa saba za damu,
mbili zikiwa za mjomba Kalaba, ambaye tangu hapo
hudai kwamba hesabu ninazopata ni zake.
Asilimia sabini na nne, mwaka wa nne.
Hamsini na moja, mwaka wa tano.
Sitini na tisa, mwaka wa sita,
nikiwa na koti darasani hata Oktoba.

Jioni umeme ukarudi. Mama akasema: nisomee.
Ni ya Kifaransa, mama.
Nisomee kwa Kiswahili, mimi ndiye niliyekuwa na wewe.

Kwa Kifaransa sentensi ilikuwa imenyooka, imepigwa pasi.
Kwa Kiswahili nikasema: nilikosa siku sitini na moja.
Akaacha kuchambua matembele.
"Ulikosa?"
Nilikosa shule, mama. Sikuwepo.
"Aliyekosa huomba msamaha. Wewe ulimkosea nani?"

Nikatafuta neno jingine, nikachelewa kulipata.
Nilikuwa naumwa, nikasema.
Hapo akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye majani yake,
maana anayeumwa kuna kinachomuuma,
kina meno yake, na hakiitwi jina la mtu.

Nimerudi kwenye mistari sita.
Nimetoa "kwa bahati mbaya." Nimetoa "naomba mnielewe."
Tarehe zimebaki, na cheti, na muhuri wa hospitali
uliokaa upande kama kofia ya mlevi.
Mstari wa mwisho bado mtupu.
Nilitaka kuandika humo kwamba rula hii
ina jina la kaka yangu, limekwanguliwa kwa wembe,
na kwamba kwa jiometri alinishinda mbali,
wala hakuna fomu iliyowahi kumuuliza chochote.

Mwisho wa kupokea ni Ijumaa.
Mama amelala. Mbabula ina kaa moja.
Nauacha mstari wa sita ulivyo,
napuliza wino ukauke.